Milimita Mia na Kumi

Nilimkuta mjomba ndani ya kituo chetu cha hali ya hewa anamwaga maji ya kipima mvua, nikamdaka mkono.

"We kichaa? Nimesoma milimita mia na kumi! Ikizidi hamsini ni mvua kubwa, tunawaita watu wa bwawa."

"Andika arobaini, mvua ya wastani. Wakifungua bwawa, shamba langu la kando ya mto linakwenda na maji."

"Wasipofungua, ukuta unapasuka. Mama anaishi bondeni chini yake. Dada yako huyo!"

"Atakimbia."

"Na magongo yake?"

Nje, upepo wa baharini ulikuwa umegota mlimani siku ya tatu, unamwaga mvua tu.

Akanitwanga na kopo la kipimo, jino likatoka. Akaikumbatia redio ya kuwaitia watu wa bwawa. Nikavivunja vidole vyake kimoja kimoja. Cha pete kiligoma, nikakiongezea goti. Akaachia.

"Bwawani, mnanipata? Mia na kumi. Fungueni!"