Gari Lililogonga Tangu Yala

Silinda ya nne nayo ilikuwa safi. Rasto aliitoa bisibisi ndefu sikioni, akaifuta kwa shati, akairudisha palepale kana kwamba injini ilikuwa inamficha kitu. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

"Ilianza kugonga wapi?"

"Tulipovuka mto Yala," alisema Isaac, mwenye gari. "Tulipovuka Nzoia ikazidi."

Lilikuwa gari-nyumba la zamani, la dizeli, ambalo mtalii mmoja alilitelekeza Nakuru. Mama yake Isaac alilinunua, akaishi humo na kuuza chapati dirishani kwa miaka kumi na tisa. Injini ilikaa ndani, chini ya kifuniko katikati ya viti vya mbele, na nyuma ya viti lilining'inia pazia zito la maua. Humo ndani kulinukia kahawa ya kusaga, kali mno, kama mtu aliyemwaga kopo zima.

"Nyuma ya pazia yuko mama," Isaac alikuwa amemwambia. "Usifungue, fundi. Tunampeleka Nabuyoga, huko Uganda. Leo lazima alale nyumbani kwake, watu wamejaa wanamngoja. Wewe niambie tu, tutafika au hatutafika?"

Swali hilo Rasto aliliogopa kuliko yote. Mwaka jana alimwambia mwalimu mmoja wa Mukuju aende tu, gari halina neno. Beringi zikalia njiani, injini ikapasuka, na mwalimu akakesha barabarani na mke mjamzito. Mafundi wenzake wa Busia bado walimtania kwamba ana sikio la daktari. Yeye hakucheka tena. Kufungua injini hii kungekula siku tatu. Kutoifungua, Mungu ndiye ajuaye.

Isaac na dada yake, Bridgit, walikwenda kuonyesha karatasi ofisi za mpakani, kupita malori yaliyojipanga juani. Rasto akabaki peke yake na injini inayounguruma.

Alilegeza paipu za nozeli, moja baada ya nyingine. Kama beringi ya silinda fulani imekufa, ukiinyima mafuta silinda hiyo mlio hupungua. Haukupungua. Akakanyaga mafuta mpaka gari zima likatetemeka, maana injini inayogonga hugonga upesi kadiri inavyokimbia. Huu mlio haukujali. Ulikwenda kwa mwendo wake wenyewe, polepole, kama mtu mwenye subira inayoanza kwisha.

Rasto akazima injini.

Ngo, ngo, ngo.

Bisibisi ilimponyoka. Ilikuwa saa sita mchana, jasho linamtiririka. Kisha akajicheka kwa aibu. Si kuna mtu nyuma ya pazia!

"Mama, ni wewe unabisha?"

"Sasa nani mwingine?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, kavu, ya mtu aliyechoka kulala. "Injini iko mzima. Mimi najua yeye kama mtoto yangu. Wacha kuchokora yeye."

"Pole na safari, mama. Unahitaji kitu? Maji?"

"Maji ya nini? Nataka kuambiwa. Tumepita Yala, kimya. Tumepita Nzoia, kimya. Hawa watoto nabeba mimi kama gunia ya mahindi. Mtu anavuka mto, anavuka mpaka, na hakuna hata mmoja anaita jina yake, anaambia yeye, 'Aboth, tumefika hapa, sasa tunakwenda pale'? Mimi najua aje njia?"

"Wamekosea, mama."

"Wamekosea sana. Mimi sivuki hapa kama gunia. Waambie."

Rasto alikuwa Msamia, naye alilelewa kuwaheshimu wazee. Moyo wake ulimuuma kwa ajili ya bibi huyu aliyefungiwa nyuma ya maua ya kitambaa, watoto wake wako mbele wanaongea na simu zao. Alipowaona Isaac na Bridgit wakirudi alishuka, akakunja uso kabisa.

"Injini yenu haina ugonjwa. Anayegonga ni mama. Analalamika kwamba tangu Yala hakuna aliyemwambia mmefika wapi."

Isaac alitazama chini. "Amekuambia nani?"

"Si yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake. Na anasema havuki hapa mpaka mumwambie."

Bridgit alianza kulia. "Nilikuambia, Isaac! Nilikuambia kule Yala, ukaniambia hayo ni mambo ya kizamani!"

Rasto akajuta. Huenda amewakaripia watoto wa watu kupita kiasi. Bridgit alipanda garini, akasukuma pazia kidogo, akapiga magoti, na Rasto akamsikia akisema, "Mama Aboth, tumefika Busia. Hapa ni mpaka. Sasa tunaingia Uganda, tutapita Tororo, tunakwenda kwako. Tusamehe, mama."

Isaac akawasha injini. Ilinguruma laini, bila kugonga hata mara moja. Rasto aliinamisha sikio kwa muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akasema bila woga, "Nendeni. Mtafika."

Ndipo afisa wa mpakani alipowajia na faili mkononi, kulikagua gari.

"Mko wangapi humu?"

"Wawili," alisema Isaac.

"Watatu," Rasto alimrekebisha, amekasirika tena kwa ajili ya bibi yule. "Mama yao yuko nyuma, nimetoka kuongea naye sasa hivi."

Afisa alifunua kurasa za faili, akachungulia nyuma ya pazia, kisha akavua kofia yake.

"Ni wawili, fundi," alisema kwa upole. "Na jeneza moja."