Pedali ya Mti

Ilibaki pedali tu. Mwezi mzima Kapya alikuwa akijiundia baiskeli, kinga kama wanavyoiita huko, kwa vipande vya muuzaji mmoja wa Naviundu, vyote vimepakwa rangi mpya, ili aende Lukafu kumtafuta kaka yake, aliyefuata makala, mkaa wa kuuza, huko kwa baiskeli yake na tangu Pasaka hajarudi.

Muuzaji akamtolea pedali ya mti. Kapya akaigeuza. Kidole gumba kikaangukia kwenye kibonyeo, pale kisu chake mwenyewe kilipoteleza siku alipomchongea kaka yake pedali hiyo.

"Chukua, citoyen, kinga yako inaisha leo," muuzaji akacheka. "Cadre, guidon, mipira, yote nilikuuzishaka njo ilitokaka kwa kinga moja."

"Mwenye hiyo kinga iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Muuzaji akaanza kukusanya vyuma vyake ndani ya gunia.