Sahihi ya Chirag

Kwa mara ya mia mbili asubuhi ile, Subodh aliandika jina lisilo lake.

"Mkia wa herufi ya mwisho ni mrefu mno," alisema Bwana Giriraj, akaichana karatasi. "Anza upya."

Giriraj ndiye aliyekuwa mwenye bweni hilo la mjini Kota, ghorofa nne zilizojaa vijana waliokonda kwa ajili ya mtihani mmoja: ule wa taifa wa kuingilia vyuo vya uhandisi. Mwanawe, Chirag, alikuwa ameufanya mara mbili na kufeli mara mbili. Subodh, mtoto wa fundi baiskeli kutoka Samastipur, mji wa mbali wa Wabihari, alikuwa hajaufanya hata mara moja. Lakini siku moja Giriraj alimkuta ngazini akimwelekeza Chirag hesabu iliyolishinda darasa zima. Jioni hiyohiyo akamhamishia chumba cha juu na kumfungia kwa nje.

Cheti chake cha darasa la kumi na mbili Subodh alikikabidhi ofisini siku aliyofika, kama wapangaji wote. Sasa kilikuwa ndani ya kabati la chuma la Giriraj, na bila cheti hicho hakuna chuo ambacho kingempokea.

"Utaingia kwa jina la Chirag," Giriraj alimwambia. "Ukitoka, nakupa karatasi yako, unarudi kwenu. Ukinichezea, naitia moto ukiiona. Umenielewa, Mbihari?"

"Nimeelewa, mjomba."

"Mjomba wako nani?"

Tangu hapo alimwita bwana.

Mzee Ojha, mwalimu wa fizikia aliyeletwa kumnoa, alijua kila kitu na hakuuliza kitu. Alileta mitihani ya majaribio, akasahihisha, akaondoka. Chirag naye alikuja kila mchana na kachori zake, akajilaza kitandani kwa Subodh na viatu vyake, akamdondoshea makombo kwenye shuka.

"Usinipeleke chuo cha ovyo," alimwambia huku akitafuna. "Nataka Mumbai. Wewe utanisoma kwenye gazeti huko mnakoziba pancha."

Subodh aliimeza chuki yake, akaendelea kuandika jina.

Siku ya mtihani ilikuwa ya baridi kali ya Januari. Picha kwenye kadi ya mtihani ilikuwa imechanganywa sura mbili, ya Chirag na ya Subodh, hata mama yake Chirag mwenyewe alisita alipoiona. Mlinzi aliitazama, akamtazama Subodh, akampungia mkono apite.

Yalikuwa maswali sabini na tano. Subodh alisoma kila moja mara mbili. Alikokotoa hadi mwisho, akahakiki, ndipo akabonyeza jibu kwenye kompyuta. Vijana wenzake waliguna, wakajikuna vichwa, wakatazama saa. Yeye alimaliza dakika tatu kabla ya kengele.

Nje, Giriraj alishusha kioo cha gari na kumuuliza ameacha mangapi. Subodh akasema hakuacha hata moja.

"Ulibahatisha?"

"Hapana, bwana. Hata moja."

Giriraj alitaka aondoke mjini upesi, kabla mtu hajaanza kulinganisha sura. Akakitupa cheti vumbini na kuondoa gari. Subodh aliinama, akakiokota, akakifuta kwa mkono wa sweta, kisha akatembea hadi stesheni.

Wiki tatu baadaye, simu ililia kwenye banda la baiskeli la baba yake. Giriraj alimtukania ukoo mzima bila kuvuta pumzi. Alisema matokeo yametoka, na Chirag ni kichekesho cha mtaa. Alisema Subodh ni mjinga aliyejifanya ana akili, na kwamba atamvunja miguu, atampeleka polisi.

"Nenda, bwana," alisema Subodh. "Waeleze ni nani aliyekaa kwenye kiti cha mwanao."

Kisha simu ikabadili mikono, na Subodh akaitambua pumzi nzito ya Mzee Ojha.

"Kila jibu lililokosewa hukatwa alama moja," alisema mzee. "Chirag amepata hasi sabini na tano."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kila swali lina majibu manne. Punda akibonyeza kwa kwato, atapatia kumi na nane hivi. Wewe hukupatia hata moja."

Sauti ya mzee ilishuka, kana kwamba hakutaka Giriraj asikie.

"Kwa hiyo uliyajua yote."

"Yote, mwalimu."