Kitufe cha Tazama

Mzee alitaka akibonyeza "Tazama", kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kifunguke kwenye programu nyingine, kurasa zionekane kama zimeshachapwa. Mkewe wa pili akamwekea hivyo kwenye mipangilio ya kompyuta, kisha akajaribu. Ukurasa ukafunguka, herufi nyeusi tii:

"Mke wangu alipofariki, sikuoa tena. Nilitafuta mama mmoja wa kunipikia."

Mpishi huyo akanusa vidole vyake. Bado vilinuka vitunguu.

"Vipi, mke wangu, imekubali?" mzee aliuliza kutoka sebuleni.

"Imekubali."

Akarudi kwenye mipangilio. Akaitoa programu ya kutazamia, mahali pake akaweka ile inayofuta mafaili yasirudi tena.

"Njoo ubonyeze mwenyewe, mume wangu."