Samaki Anayeyaweza Maji

Siku hizi kila nyumba hufuga samaki wa kupima maji ya bomba; akifa, nyumba inafungwa na wenyewe wanahamishwa. Ngereza alikuwa amekwisha kuzika samaki wawili kimyakimya. Akabeba chupa ya maji ya bomba lake hadi kwa muuza samaki.

Muuzaji akayaonja, akatema. "Unakunywa haya, kaka? Basi chukua huyu. Kazaliwa kwenye maji mabaya zaidi, hafi ng'o."

Mkaguzi wa maji alipokuja, samaki alikuwa amenenepa, anajizungusha kwenye tangi la kioo. "Maji yenu salama," akasema, akaondoka.

Ngereza akachekelea. "Mama Sinyati, tumepona! Hatuhami."

Mkewe, aliyejaa vidonda mdomoni, akamtazama samaki. "Huyo umemtafuta anayeyaweza maji haya. Sisi tunayaweza?"

Ngereza akafungua bomba, akamjazia mkewe kikombe.