Hodi ya Tatu

Mafuriko yalikuwa yamebakiza paa tu, na juu ya paa alisimama Bwana Mkwachu, aliyewafukuza Sikudhani na mumewe katika nyumba hiyo hiyo. Siku ile aliingia na vijana wenye marungu, bila hata kubisha. Wenye nyumba waliwahi kung'oa mlango tu na kuondoka nao. Tangu hapo waliishi mtoni, wakipanda na kushuka na mashua yao, na mlango ukawa sitaha: juu yake walipika, juu yake walilala.

Shekue, mumewe, alikaza upondo chini topeni. Mashua ikasimama karibu na paa.

"Sogeeni, jamani! Maji yanapanda!" Mkwachu alilia, mguu mmoja ameshaunyosha kuelekea mlangoni.

"Rudisha mguu," alisema Sikudhani, akikoroga uji. "Kwa watu hakuingiwi hivyo. Piga hodi."

Mkwachu alimtazama Shekue. Shekue alitazama maji.

"Hodi."

Sikudhani alionja uji, akaongeza sukari.

"Hodi, mama! Hodi wenyewe!"

Sikudhani alichochea moto. Maji yalimfika Mkwachu magotini. Akafungua kinywa tena, kisha akakiziba upesi kwa kiganja, maana hata mtoto anajua: mgeni akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hugeuka akaenda zake.

Sikudhani aliweka mwiko chini, taratibu, akatega sikio.