Lango Lisilotaka Hofu

Nakiete hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mtoto, wala ndugu wa karibu wa kumkimbilia. Alikuwa na shamba la mahindi na sauti yake. Kwa sheria ya miaka hiyo, lango la mfereji lilimfungukia mwanamke mwenye shamba tu, tena lilikataa sauti yenye hofu.

"Sema, mke wangu," alisema Kiondo, mumewe. "Taratibu."

"Lango, fungua."

Lango halikutikisika. Mahindi yao yalikuwa yamenyauka katikati ya mashamba mabichi ya majirani, na kila mpita njia alijua maana yake.

"Unaniaibisha! Leo nimekugusa?"

"Leo bado."

Kiondo alicheka kwa nguvu, maana majirani walikuwa wakitazama, kisha akaenda kilabuni.

Nakiete aliketi palepale, akaliandikia baraza la wanawake, lenye kuamua kesi za ndoa, lije limwondoe mumewe. Alipomaliza, akajaribu tena. "Lango, fungua."

Maji yakatoka kwa kishindo.

Haraka akaifunga bahasha kwa kiporo cha ugali alichobeba, akamkabidhi mama mpeleka barua aliyekuwa akipita. Kule kilabuni, ambako kishindo cha maji kilisikika, vicheko vilikuwa vimenyamaza.